Historia ya Vidonge kwa Ugonjwa wa Mpakani

Wenye karatasi ya somo hili, fuateni kwa kidole mstari kwa mstari. Wasio nayo, tegeni sikio. Nawe Bwana Mwalimu, au Bibi Mwalimu, tafadhali andika maneno matatu ubaoni kwa herufi kubwa: MPAKA, NAFSI, JARIBIO. Tutayatumia sana.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni habari za madaktari waliokuwa na wagonjwa wasiojua wawape nini, wakawapa vidonge. Na jinsi ilivyochukua miaka mingi kabla mtu hajauliza kwa makini kama vidonge vile vyawafaa.

Nimelichagua kwa sababu ya barua. Mzee mmoja ametuandikia kwamba ana binti wa miaka 22, mwenye akili nyingi na moyo usiotulia. Leo humpenda mama yake kupita kiasi, kesho hataki hata kumwona. Mara mbili amejiumiza mwenyewe. Mzee akampeleka hospitali, akarudi na mfuko wenye vidonge vya aina nne. Baada ya miezi sita akampeleka kwa daktari mwingine, na huyo akasema ataanza kumpunguzia vidonge hivyo, kimoja baada ya kingine. Sasa mzee anauliza: "Kati ya madaktari hawa wawili, yupi asiyejua kazi yake?" Nitamjibu, lakini kwa njia ndefu kidogo, maana jibu lake limo katika historia.

Kwanza tueleze ugonjwa wenyewe. Huitwa ugonjwa wa nafsi wa mpakani. Mtu mwenye ugonjwa huu moyo wake hubadilika upesi mno. Asubuhi humwona rafiki yake kuwa malaika. Jioni, kwa kuwa rafiki amechelewa kurudi, humwona kuwa adui. Huogopa kuachwa kuliko kitu kingine chochote, na kwa hofu hiyo hufanya mambo yanayowachosha watu hata wakamwacha. Hukasirika ghafula, kisha hujilaumu. Husema kwamba ndani mwake mna utupu kama nyumba iliyohamwa. Wengine hujiumiza, na wengine hufikiri habari za kufa. Wengi wao, ingawa si wote, waliteswa au kutupwa walipokuwa watoto. Na tena yaelekea wengine huzaliwa na moyo mwepesi kuumia. Mtu huyu hana wazimu, maana ajua yu wapi na anasema na nani. Wala si mkorofi tu, maana yeye mwenyewe angependa sana kutulia, asiweze.

Basi jina hili la mpakani lilitoka wapi? Mwaka 1938 daktari mmoja wa New York, Adolph Stern, aliandika makala juu ya wagonjwa waliomshinda. Siku zile madaktari wa nafsi waliwagawa wagonjwa wao mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wenye wazimu, yaani watu wanaosikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo kweli. Fungu la pili ni wenye wasiwasi na huzuni, ambao akili zao ni timamu ila wanateseka. Stern akaona kwamba wagonjwa wake hawaingii vizuri fungu hili wala lile. Wako mpakani. Nanyi mnajua taabu ya mtu anayekaa mpakani mwa wilaya mbili: akipeleka shauri lake huku, huambiwa nenda kule, akienda kule, huambiwa rudi ulikotoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa wagonjwa hawa, na kwa miaka mingi.

Stern hakuwa na kidonge cha kuwatibu. Matibabu yake yalikuwa ya mazungumzo: mgonjwa hulala juu ya kochi akasema yaliyomo moyoni, na daktari hukaa nyuma yake akasikiliza, mwezi baada ya mwezi. Njia hiyo iliwafaa wengine, lakini watu wa mpakani wengi iliwazidishia tabu. Daktari aliyenyamaza nyuma ya kochi walimwona kuwa mtu mwingine tena anayetaka kuwaacha. Na dawa zilizokuwako zilikuwa za kulaza usingizi tu.

Sasa twende Ufaransa. Mwezi wa Desemba mwaka 1950 mwanakemia Paul Charpentier, wa kampuni ya Rhône-Poulenc, alitengeneza dawa mpya iitwayo klopromazini. Hakuwa akitafuta dawa ya wazimu. Daktari wa upasuaji wa jeshi, Henri Laborit, aliijaribu kwa watu wa kupasuliwa, akaona ajabu: mgonjwa hajalala, anajibu akiulizwa, lakini hana hofu, kana kwamba mambo yote yanampita kando. Laborit akawashauri madaktari wa nafsi waijaribu. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker, wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, waliwapa wagonjwa wao wenye wazimu, na watu waliokuwa wakipiga makelele miaka nenda miaka rudi wakatulia. Huko Ulaya dawa iliuzwa kwa jina la Largactil, na tangu 1954 ikauzwa Marekani kwa jina la Thorazine. Shirika la Afya la Dunia lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, mwaka 1977, klopromazini ilikuwamo. Kwa hiyo dawa hii haikubaki kwa Wazungu peke yao.

Tusiidharau. Kwa mtu mwenye wazimu wa kweli ilikuwa msaada mkubwa, na wengi walitoka hospitali wakarudi makwao kwa ajili yake, ingawa iliwaletea wengine kutetemeka, ugumu wa viungo na mdomo usiotulia. Shauri letu ni jingine. Dawa iliyotengenezewa wilaya moja ikapelekwa mpakani bila mtu kuuliza. Daktari aliyekuwa na mgonjwa mwenye dhoruba moyoni, asiyejua amweke fungu gani, alimpa kile kilichokuwa kabatini.

Hapo nataka mmjue msichana mmoja, Marsha Linehan, aliyezaliwa 1943 mjini Tulsa, katika jimbo la Oklahoma. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alipelekwa hospitali iitwayo Institute of Living, mjini Hartford. Alikuwa akijiumiza, na alitamani kufa. Madaktari walisema ana skizofrenia, yaani mojawapo ya aina za wazimu. Akapewa Thorazine. Akapewa Librium, ambayo ndiyo kwanza iwe na mwaka mmoja sokoni. Akapewa na dawa nyingine. Akatiwa umeme kichwani mara 14, kisha siku nyingine tena mara 16. Akafungiwa peke yake chumbani. Alikaa hospitali ile miezi 26, akatoka mwaka 1963 akiwa hana nafuu ya kusemwa. Hakuna ushahidi kwamba waliomtibu walimchukia. Walifanya yote yaliyojulikana wakati ule, na yaliyojulikana hayakumfaa. Mkumbuke msichana huyu, maana tutarudi kwake.

Nimetaja Librium. Hii ilitengenezwa na Leo Sternbach katika kampuni ya Roche, ikaanza kuuzwa mwaka 1960, na mwaka 1963 ikafuatwa na ndugu yake maarufu zaidi, Valium. Hizi zilikuwa dawa za kuondoa wasiwasi, na watu walizipenda kama wapendavyo kivuli cha mwembe saa sita mchana. Katika miaka ya 1970 Valium ilikuwa mojawapo ya dawa zilizoandikwa na madaktari wa Marekani kuliko zote. Baadaye ikaonekana kwamba mtu akizimeza kwa muda mrefu, mwili huzizoea, na kuziacha huwa shida kubwa. Na kwa watu wa mpakani kulikuwa na hatari nyingine, ambayo haikuonekana mpaka ilipojaribiwa.

Je, kwa nini haikujaribiwa mapema? Sababu ni nyepesi: madaktari hawakuwa na kipimo kimoja. Mmoja akisema "mgonjwa wa mpakani" alimaanisha hivi, mwingine alimaanisha vile. Ninyi mnaouza na kununua mnajua kwamba bila pishi moja huwezi kulinganisha mahindi ya maduka mawili. Mwaka 1967 Otto Kernberg aliandika sana juu ya nafsi ya mpakani, lakini kwa maneno mazito ambayo hata madaktari wenzake waliyaona magumu. Pishi ililetwa na John Gunderson. Mwaka 1975 yeye na mwenzake Margaret Singer walikusanya yote yaliyoandikwa, wakachuja, wakaonyesha dalili ambazo kila daktari angeweza kuzitazama. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa nafsi wa Marekani kikauingiza ugonjwa huu katika kitabu chake cha magonjwa, na dalili zake nane. Mwenye tano kati yake alihesabiwa kuwa nao. Mwaka 1994 iliongezwa dalili ya tisa. Zile tano zilibaki tano.

Pishi ilipopatikana, majaribio yakawezekana. Tazameni neno la tatu ubaoni. Jaribio la dawa hufanywa hivi. Wagonjwa hugawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja hupewa dawa yenyewe. Kundi la pili hupewa kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na ukubwa, lakini ndani yake hamna dawa. Mgonjwa hajui amepewa kipi, wala daktari anayempima hajui. Mwisho wa siku zilizowekwa makundi hulinganishwa.

Mwanafunzi atauliza: mbona kudanganyana? Kwanza si kudanganyana, maana wagonjwa huambiwa tangu mwanzo kwamba huenda wakapata kidonge kitupu, nao hukubali. Tena kwa ugonjwa huu jambo lenyewe ni la lazima. Mtu wa mpakani huja hospitali siku ya dhoruba, wakati ambapo moyo wake umechafuka kuliko siku zote. Na dhoruba, hata usipoifanya neno, hupita. Nahodha akichoma ubani siku ya tufani, na kesho yake bahari ikatulia, ataapa kwamba ni ubani uliotuliza bahari. Njia ya kumjua mkweli ni kumtazama na nahodha wa pili, ambaye hakuchoma kitu. Ndiyo kazi ya kidonge kitupu.

Mjini Pittsburgh, Paul Soloff na wenzake walilinganisha dawa mbili na kidonge kitupu, wakatoa habari zao mwaka 1986. Ya kwanza ilikuwa haloperidoli, ndugu wa klopromazini; ya pili amitriptilini, dawa ya huzuni. Haloperidoli ikaonekana kusaidia. Amitriptilini, dawa iliyoaminiwa kwa wenye huzuni, iliwazidishia baadhi ya wagonjwa hasira na vitisho. Watu wakafurahi, wakasema basi haloperidoli ndiyo yenyewe. Lakini Soloff alikuwa mtu mwaminifu, akarudia kazi yake kwa wagonjwa wengine. Na habari za mwaka 1993 zikawa kwamba manufaa yale ya kwanza hayakuonekana tena. Wengi wetu tungeliridhika na sifa za mara ya kwanza.

Jaribio la pili lilifanywa na Rex Cowdry na David Gardner, likatangazwa mwaka 1988. Walichukua wanawake 16 tu, wakampa kila mmoja dawa nne kwa zamu, pamoja na kidonge kitupu, bila yeye kujua zamu ya dawa gani imefika. Mojawapo ilikuwa alprazolamu, ya ukoo wa Valium. Na hapo ile hatari niliyoitaja ikajitokeza: badala ya kuwatuliza, iliwalegezea breki. Wagonjwa walishindwa kujizuia kuliko kabla hawajaimeza, kama mlevi anavyofanya neno ambalo asingelifanya akiwa mkavu. Fikirini miaka mingapi dawa za ukoo huo zilikuwa zimeandikwa kwa watu kama hawa, kwa nia njema.

Lakini kuna jambo jingine katika jaribio lile linalonivutia zaidi. Dawa iitwayo kabamazepini ilisifiwa na madaktari: walisema wagonjwa wametulia. Walipoulizwa wagonjwa wenyewe, walisema hawajioni kuwa na nafuu. Basi tumsadiki nani? Daktari anatazama kwa nje, aona vurugu zimepungua. Mgonjwa ndiye akaaye ndani ya ile nyumba iliyohamwa. Naomba darasa mlizungumze jambo hili redio ikiisha, maana si la ugonjwa huu peke yake.

Tuharakishe miaka iliyofuata. Mwisho wa 1987 Prozac ilipata ruhusa ya kuuzwa Marekani, na nyuma yake zikaja dawa nyingine nyingi mpya. Mwaka 2001 chama kile cha madaktari wa nafsi wa Marekani kilitoa mwongozo. Kilisema wazi kwamba matibabu makubwa ni ya mazungumzo, ila kiliruhusu dawa za kusaidia, kufuata dalili: hii kwa moyo unaobadilika, hii kwa kutenda bila kufikiri, na hii kwa mawazo yaliyopotoka. Kwenye karatasi shauri hilo lilikuwa na akili. Hospitalini lilizaa marundo.

Twajuaje? Katika hospitali ya McLean, karibu na Boston, Bibi Mary Zanarini amewafuata wagonjwa 290 wa mpakani tangu miaka ya 1990. Walipotazamwa baada ya miaka sita, katika kila wagonjwa 100, kama 40 walikuwa wakimeza dawa za aina tatu au zaidi kwa wakati mmoja. 20 walikuwa na aina nne au zaidi. Na 10 walikuwa na tano au zaidi. Rundo hujengwa hivi. Mgonjwa huja siku ya dhoruba. Daktari ana dakika chache, na mgonjwa mbele yake analia. Kumwambia "vumilia" ni kama kumfukuza. Kuandika dawa ni kumwonyesha kwamba amesikiwa. Anaandika. Dhoruba inapita, na dawa inasifiwa. Dhoruba ya pili inakuja, na daktari hathubutu kuondoa ile ya kwanza, asije akalaumiwa. Anaongeza ya pili. Kuongeza ni kazi ya dakika moja, na kupunguza ni kazi ya miezi.

Gharama haikuwa ya fedha tu. Baadhi ya dawa zilizokuja baadaye, kama olanzapini, hunenepesha sana na huweza kuleta kisukari. Nayo olanzapini ilijaribiwa kwa watu wa mpakani katika majaribio makubwa, na majibu hayakukubaliana: katika jaribio lililotangazwa mwaka 2008 waliopewa dawa walipata nafuu, na waliopewa kidonge kitupu nao wakapata nafuu iyo hiyo.

Sasa turudi kwa msichana wa Hartford. Alipotoka hospitali alifanya kazi, akasoma shule ya usiku. Naam, kama ninyi. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari wa elimu ya nafsi katika chuo kikuu cha Loyola, mjini Chicago. Baadaye akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Washington, mjini Seattle, akachagua kuwatibu watu ambao wenzake waliwakimbia. Njia aliyoitunga inafanana na darasa kuliko hospitali. Kila juma mgonjwa huonana na mganga wake peke yake, na siku nyingine huketi na wenzake darasani. Hufundishwa namna ya kuvumilia saa mbaya bila kuifanya iwe mbaya zaidi, namna ya kuitambua hasira ingali changa, namna ya kuomba neno na namna ya kukataa neno bila kuvunja urafiki. Kuna daftari, na kuna kazi ya kufanya nyumbani. Na katikati ya juma, dhoruba ikianza, mgonjwa aweza kumpigia simu mganga wake amkumbushe aliyojifunza. Mwaka 1991 alitangaza jaribio lake: katika mwaka mmoja, wanawake waliofundishwa hivyo walijiumiza mara chache kuliko waliopata matibabu ya kawaida, na walilazwa hospitali siku chache zaidi. Mjini London, Anthony Bateman na Peter Fonagy walitangaza mwaka 1999 njia yao wenyewe ya mazungumzo, nayo ikafaa.

Mpaka hapo watu wa nje hawakujua habari za miezi ile 26. Mwezi wa Juni mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alirudi katika hospitali ile ile ya Hartford akasimama mbele ya watu, akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Kwa wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha kunena. Mwaka 2009 taasisi yake inayowaongoza madaktari, iitwayo NICE, ilitoa maneno makali kuliko yale ya Marekani: dawa zisitumiwe kwa ajili ya ugonjwa huu wenyewe, wala kwa dalili zake mojamoja. Siku za hatari dawa ya kutuliza yaweza kufikiriwa, lakini isipite juma moja. Na mgonjwa akiwa na ugonjwa mwingine juu ya huu, huo utibiwe kama inavyostahili.

Madaktari wengi hawakupenda. Walisema, huenda dawa nzuri ipo, ila majaribio yalikuwa madogo. Hoja hiyo haikuwa ya upuuzi. Kulikuwa na dawa ya kifafa, lamotrijini, ambayo majaribio madogo yalikuwa yameitilia matumaini. Basi Mike Crawford na wenzake huko Uingereza wakafanya jaribio kubwa: watu 276, mwaka mzima. Habari zilitoka mwaka 2018. Waliopewa lamotrijini na waliopewa kidonge kitupu hawakutofautiana. Mwaka 2022 mashirika ya uchunguzi ya Cochrane yalikusanya majaribio 46 ya dawa mbalimbali, yenye watu 2,769, yakaona kwamba katika ukali wa ugonjwa, katika kujiumiza na katika maisha ya kila siku, dawa zilileta tofauti ndogo au hazikuleta kabisa. Mwaka 2024 mwongozo mpya wa Marekani ukasogea karibu na ule wa Uingereza: mazungumzo kwanza, dawa, ikiwa lazima, iwe kwa dalili moja inayoweza kupimwa, na kwa muda uliowekwa, na dawa anazomeza mgonjwa zikaguliwe. Mpaka leo mamlaka ya dawa ya Marekani haijathibitisha dawa hata moja kwa ajili ya ugonjwa huu wenyewe.

Sasa mzee wetu, nakujibu. Daktari wa kwanza hakukosa elimu. Alifanya yaliyokuwa yakifundishwa, na yawezekana kila kidonge kilikuwa na sababu yake siku kilipoandikwa. Daktari wa pili amesoma habari za baadaye. Anavyofanya, kupunguza kimoja baada ya kingine, ndivyo inavyotakiwa. Lakini nakuomba sana: usimwage vidonge hivyo wewe mwenyewe, wala binti asiviache ghafula. Dawa za ukoo wa Valium zikikatwa ghafula huweza kuleta kifafa, na nyingine nazo zina matata yake. Tena huenda kimoja kati ya vile vinne kipo kwa ugonjwa mwingine, kama huzuni nzito au kifafa, na hicho yafaa kibaki. Muulize daktari kwa kila kidonge: hiki ni cha nini, tutajuaje kwamba kimefaa, na kitakoma lini? Daktari mwema hatachukia kuulizwa. Vidonge vilivyomo nyumbani viwe vichache, akae navyo mtu mwingine. Na siku binti akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata dakika moja. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Najua utasema: hayo mazungumzo ya Seattle na London nitayapata wapi huku kwetu? Ni kweli, waliofunzwa kazi hiyo kwetu ni haba. Lakini sikiliza habari moja ya Kanada. Mjini Toronto, Shelley McMain na wenzake waliwagawa wagonjwa 180 kwa kura. Nusu walipata ile njia ya Bibi Linehan. Nusu walionana kila juma na daktari wa kawaida wa nafsi aliyeujua ugonjwa huu, aliyewaeleza jina lake na tabia zake, akashughulika na shida zao za kazi na nyumba, na hakuwakimbia walipomkasirikia. Baadhi yao walipewa na dawa pia, kwa kiasi. Habari zilitangazwa mwaka 2009: baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawasawa. Basi mganga mmoja mwenye subira, anayeonekana siku ile ile kila juma, si kitu kidogo. Mtafute huyo kwanza.

Na kuna hesabu nyingine kutoka kwa wale 290 wa Bibi Zanarini. Baada ya miaka kumi, 93 katika kila 100 walikuwa wamekaa miaka miwili au zaidi bila kuhesabika tena kuwa na ugonjwa huu. Sitaki kukudanganya: kupata kazi ya kudumu na marafiki wa kudumu kulikuwa kugumu zaidi, na nusu tu waliyafikia yote hayo. Lakini siku zile za Hartford hakuna aliyeweza kumwambia mzazi hata nusu ya hesabu hiyo. Binti yako ana miaka 22.

Bwana Mwalimu, sasa waweza kuzima redio. Darasa wasome tena kwa sauti fungu la jaribio la 1988, kisha wajibu lile swali: daktari asema mgonjwa amepata nafuu, mgonjwa asema hakupata, tumsadiki nani? Majibu yaandikwe kwa mistari mitano au sita, na yatakayoletwa kwetu kwa posta tutayasoma.